Barabara za Maziwa

Barabara ndogo za lami za kusini-magharibi mwa Wisconsin hazikujengwa kwa ajili ya watalii. Zilijengwa kwa ajili ya maziwa. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, jua liwake au theluji ianguke, na maziwa hayamngoji mtu. Zamani, karibu kila njia panda ya mashambani ilikuwa na kiwanda kidogo cha jibini. Mwaka 1922 jimbo lile peke yake lilikuwa navyo zaidi ya 2,800. Mkulima ambaye mkokoteni wake ulikwama kwenye matope alimwaga jasho lake mtaroni. Ndiyo maana lami ilisogezwa bonde hadi bonde, mpaka kwenye malango ya mashamba ambayo kwingine yangeachiwa vumbi na changarawe. Majira ya joto ya mwaka 1976, mimi na mwenzangu kutoka Tanga tulizipita barabara hizo kwa baiskeli. Nusu karne imepita, na bado naona kwamba zile wiki chache zilinifundisha juu ya Marekani kuliko maktaba yote ya chuo kikuu.

Nilikuwa Madison nikisoma na kufundisha Kiswahili katika Idara ya Lugha na Fasihi za Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Wisconsin. Wanafunzi wangu wengine walikuja kwa sababu walitaka kusoma historia ya Afrika kwa Profesa Jan Vansina, wengine kwa udadisi tu. Mwenzangu alitumwa na serikali kusomea ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alinizidi miaka sita au saba, kwa hiyo nilimwita Kaka, naye akaniita Mwalimu, hata tulipokuwa wawili tu na hakuna wa kutusikia.

Wazo lilikuwa lake. Marekani ilikuwa imetoka kwenye wimbi kubwa la baiskeli. Mwaka 1973 ziliuzwa zaidi ya milioni 15, na kufikia 1976 waliochoka nazo walikuwa wakiziuza kwa bei ya kutupa. Tulinunua Schwinn mbili za gia kumi, zilizotengenezwa Chicago, nzito kama za nyumbani ila zenye usukani uliopinda chini. Kaka alizifungua zote mbili sakafuni chumbani kwake, akasafisha mnyororo kwa mafuta ya taa, akakaza spoki moja moja akizigonga kwa kucha na kusikiliza mlio. Kwenye keria tulifunga hema, mablanketi, sufuria, pampu, viraka na kopo la solusheni. Ramani ilikuwa ya petroli, yaani ile waliyokuwa wakigawa bure kwenye vituo vya mafuta.

Tuliondoka Madison kuelekea magharibi, tukapita Mount Horeb, tukavuka Mto Wisconsin pale Spring Green, kisha tukaingia milimani. Katika enzi za barafu kuu, barafu ilisawazisha sehemu kubwa ya Marekani ya kati, lakini pembe hii haikuifikia. Ilibaki na matuta yake makali na mabonde membamba. Mimi ni mtu wa Rungwe. Nililelewa kwenye miteremko ya Tukuyu, penye mvua na migomba na ng'ombe waliofungwa karibu na nyumba, na tangu nifike Marekani nilikuwa sijaona mahali ambapo miguu yangu ilipatambua. Pale ilipatambua. Unapanda polepole kwenye gia ya chini kabisa, jasho likikudondoka puani, unafika juu ya tuta unaona mashamba yamelimwa kwa mistari inayofuata mkunjo wa kilima, ukanda wa mahindi, ukanda wa majani, ukanda wa shayiri. Mtindo huo ulienezwa huko kuanzia mwaka 1933 katika bonde la Coon Valley, mradi wa kwanza wa Marekani wa kuhifadhi udongo wa bonde zima, baada ya mvua kuchimba makorongo yaliyoweza kumeza ghala. Kaka alisimama kila mara kuyatazama. Kwao Usambara walijua makorongo yana maana gani.

Jimbo hupa barabara zake kubwa namba, na Wisconsin ndiyo iliyotangulia majimbo yote kufanya hivyo, mwaka 1918. Barabara za kaunti hupewa herufi. Kwa hiyo siku nzima ilikuwa "tunashika D mpaka tukutane na P, halafu kushoto." Kwenye barabara za herufi ungeweza kwenda saa nzima usipishane na gari zaidi ya lori la tangi la maziwa na trekta moja mbili. Ulisikia vitu ambavyo dereva hasikii kamwe: maji chini ya daraja, chiriku kwenye waya, na karibu na magharibi mashine za kukamulia zikivuta pumzi kwa pamoja, shamba kwa shamba, ukashuka bonde zima ukiandamana na mlio huo. Mwaka ule ulikuwa wa ukame mkubwa. Mahindi yalikuwa yamesimama mafupi, majani yamejikunja, na wakulima waliotupungia mkono walikuwa na nyuso za watu wanaotazama mawingu.

Mbwa walikuwa mtihani. Kila shamba lilikuwa na wake, na wao huona gurudumu linalozunguka kama adui. Kaka alikuwa na utaratibu: usikimbie, shuka, weka baiskeli kati yako na mbwa, mwambie kwa sauti nzito arudi nyumbani. Alimwambia kwa Kisambaa. Walirudi.

Ilikuwa pia miezi ya sherehe za miaka 200 ya uhuru wao. Masanduku ya barua kando ya barabara yalikuwa yamepakwa rangi za bendera, na kila mji mdogo ulikuwa na gwaride lake la matrekta. Majira hayo hayo watu wapatao 4,000 walikuwa wakishiriki safari za Bikecentennial, kwenye njia ya kilomita zipatazo 6,800 kutoka Oregon hadi Virginia. Njia hiyo haikupita Wisconsin, lakini habari zake zilikuwa kwenye magazeti, kwa hiyo swali la kwanza dukani lilikuwa kama na sisi tumo. La pili lilikuwa tumetoka wapi. Tulipojibu "Madison" walicheka kwa adabu wakasubiri jibu la kweli.

Niseme pia lile ambalo vijana wangu huniuliza kila ninaposimulia habari hizi. Ndiyo, tulikuwa watu weusi wawili kwenye vijiji vya wazungu watupu, na ndiyo, tulitazamwa. Katika mji mmoja polisi alitufuata kwa gari mwendo wa kutembea hadi tulipotoka mpakani, hakusema neno. Katika duka moja mwenye duka alihudumia kila aliyekuja nyuma yetu kwanza. Mambo hayo yalituuma, na sitayafanya madogo kwa kuwa yamepita. Lakini siwezi kuyaacha yajaze simulizi nzima, kwa sababu mara nyingi zaidi mambo yalikuwa mengine: mama mtu mzima anatoka jikoni na jagi la maji yenye barafu, mzee anakufungulia ghala ulale kwenye majani makavu kwa sababu ameona wingu.

Mzee mmoja wa aina hiyo alikuwa na shamba nje kidogo ya Hillsboro, ng'ombe kama thelathini weusi kwa weupe. Tuliomba mahali pa kupiga hema; akatuambia tusubiri amalize kukamua. Kaka hakuwa mtu wa kusubiri penye ng'ombe. Aliomba ruhusa, akanawa mikono, akaingia naye zizini. Alifika kwa ng'ombe wa nne au wa tano, akainama, akakamua michirizi ya kwanza kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi juu, akakiinamisha kwenye mwanga wa taa. Palikuwa na vipande vidogo kama maziwa yaliyoanza kuganda. Akamwonyesha mzee bila kusema kitu. Ugonjwa wa kiwele, katika chuchu moja tu, mapema kabisa. Mzee alitazama kikombe, akamtazama Kaka, kisha akaita ndani kwamba meza iandaliwe kwa watu wanne.

Jikoni redio ilikuwa wazi. Michezo ya Olimpiki ya Montreal ilikuwa ndiyo inaanza, na mtangazaji alikuwa akisoma orodha ya nchi za Afrika zilizojitoa. Tanzania ilikuwamo. Mzee alishika tonge la viazi kwenye uma akauliza kwa nini. Alikuwa amesikia habari za Filbert Bayi. Alijua kwamba mwaka 1974 kule Christchurch alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 sekunde 32.2, na kwamba John Walker wa New Zealand alikuwa nyuma yake. Alikuwa amengoja miaka miwili kuwaona tena pamoja.

"Timu ya raga ya New Zealand iko Afrika Kusini sasa hivi," nilimwambia. "Inacheza na makaburu. Mwezi uliopita watoto wa shule wamepigwa risasi Soweto."

Alinyamaza muda mrefu. Mke wake ndiye aliyeuliza, "Na huyo kijana Bayi, yeye anaonaje?"

Kaka aliweka uma chini. "Mama, nadhani usiku huu hajalala," alisema. "Lakini hata angelala na medali, asingelala."

Nilimtafsiria. Yule mama alikwenda kwenye redio akaizima, akarudi akatuongezea chakula. Sijui alizima kwa ajili yetu au kwa ajili yake. Walker alishinda dhahabu wiki mbili baadaye. Mpaka leo naamini uamuzi ule ulikuwa wa haki, na naamini pia kwamba gharama yake ilimwangukia mtu mmoja kuliko wengi wetu tulivyoilipia.

Asubuhi mzee alitupeleka kwa lori lake kuona ghala la jirani. Lilikuwa la mviringo, kubwa, paa likizunguka hadi kwenye ncha, mbao zikiwa zimepindwa kwa ustadi ambao sikuuelewa hadi nilipoingia ndani. Katikati kulikuwa na mnara wa kuhifadhia lishe, na ng'ombe walisimama kuuzunguka vichwa ndani, hivyo mtu mmoja aliweza kuwalisha wote bila kutembea mbali. Upepo nao hauna ukuta wa kuusukuma; huteleza pembeni. Kaunti ya Vernon ina maghala mengi ya aina hiyo kuliko karibu mahali popote Marekani.

"Unajua nani kajenga?" mzee aliuliza. "Alga Shivers. Mtu mweusi kama nyinyi. Yuko hai, ni wa hapa hapa."

Ndipo nilipojifunza habari za bonde la Cheyenne. Tangu miaka ya 1850 familia za watu weusi, huru na waliotoka utumwani, zilikuwa zimefika kwenye vilima hivyo, zikanunua ardhi, zikalima pamoja na Wanorwe na Wacheki, watoto wakasoma shule moja. Shivers alizaliwa huko mwaka 1889, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi kuwa fundi seremala. Maghala ya mviringo zaidi ya kumi yanahesabiwa kuwa ya mkono wake. Sikubahatika kumwona, na alifariki mwaka 1978. Lakini niliweka kiganja kwenye ule ukuta wa mbao. Miaka miwili nilikuwa nimekaa Madison, kilomita mia moja na kidogo kutoka pale, nikifundisha darasani juu ya Waafrika waliotawanyika duniani, na hakuna kitabu kilichoniambia kwamba walikuwapo hapa, kwenye barabara ya maziwa. Ilibidi niende kwa mwendo ambao mtu wa kando ya njia anaweza kukusimamisha.

Siku zilizofuata tulifuata Mto Kickapoo, mto unaojipinda hata ukidhani umeuvuka mara ya mwisho unakutana nao tena. Karibu na La Farge barabara ilibadilika. Nyasi zilikuwa zimeingia juu ya lami. Nyumba zilisimama bila mapazia, nyingine zilikuwa zimebaki misingi tu na kichaka cha maua mlangoni. Kisha tukauona mnara wa zege umesimama peke yake bondeni, mrefu, hauna kazi. Serikali kuu ilikuwa imeamua kujenga bwawa la kuzuia mafuriko. Iliidhinisha mradi mwaka 1962, ikanunua ardhi ya familia zaidi ya 140, wengine wakiuza kwa shingo upande, ikaanza kujenga mwaka 1971, na mwaka 1975 ikasimamisha kazi katikati kwa sababu ya gharama na hofu juu ya ubora wa maji. Familia zilikuwa zimeshaondoka. Bwawa halikuwapo.

Kaka alilaza baiskeli yake kwenye nyasi akaketi kwenye ngazi za nyumba isiyokuwapo. Nilidhani amechoka. Baada ya muda akaanza kunieleza, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, jinsi wazee wake walivyohamishwa kwenye Operesheni Vijiji miaka miwili kabla. Barua ya dada yake ilikuwa imemfikia katikati ya mitihani. Walipewa siku chache. Mama yake alikuwa amebeba mlango, kwa sababu mlango ulikuwa wa mvule na ulichongwa na babu, na huko walikopelekwa hapakuwa bado na nyumba ya kuuwekea.

"Mimi naamini ujamaa, Mwalimu," alisema. "Unajua naamini. Lakini mtu akihamishwa aulizwe. Aulizwe kwanza, na asubiriwe ajibu."

Sikuwa na la kuongeza, na hakutaka niongeze. Tulikaa pale hadi kivuli cha mnara kikafika barabarani. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ardhi ile imekuwa hifadhi, inayosimamiwa na jimbo pamoja na taifa la Ho-Chunk, wenyeji wa asili wa bonde hilo. Ho-Chunk nao walikuwa wamefukuzwa huko karne moja kabla ya wakulima.

Mwisho wa safari yetu ulikuwa njia ya Elroy hadi Sparta, takriban kilomita 52. Ilikuwa reli, kampuni iliiacha mwaka 1964, jimbo likainunua, likang'oa mataruma na kumwaga mawe laini ya chokaa kwa ajili ya baiskeli, mojawapo ya njia za kwanza za aina hiyo Marekani. Ina mahandaki matatu. La tatu lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na lilichukua miaka mitatu kuchimbwa, likamalizika mwaka 1873. Mlangoni kuna milango mikubwa ya mbao ambayo walinzi waliifunga majira ya baridi ili barafu isipasue mwamba, wakiifungua treni ilipokaribia.

Hupandi baiskeli ndani. Unashuka, unawasha tochi, unaisukuma. Nje joto lilikuwa likitoa machozi. Hatua ishirini ndani nilivaa sweta. Maji yalidondoka kutoka darini yakitiririka kwenye mitaro ya pembeni. Mwanga wa nyuma ukafifia, wa mbele ukawa haujaonekana, na kwa dakika kadhaa hapakuwa na kitu ila duara la tochi na sauti ya magurudumu mawili. Kaka alianza kuimba, kaswida aliyoijua tangu madrasa, na mwamba ukamrudishia kila mstari baada ya kuchelewa kidogo, kana kwamba kuna wanafunzi wengine mbele yetu gizani. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba sijasikia kitu kizuri zaidi.

Alirudi Tanga mwaka uliofuata, akafanya kazi ya mifugo mpaka akastaafu, akaona wafugaji wadogo wa mkoa wake wakiungana na kupata kiwanda chao cha maziwa katika miaka ya 1990. Amekwisha kutangulia mbele ya haki. Barua zake zote ninazo, na karibu kila moja inataja barabara, kwa sababu mvua za masika zilimnyima maziwa kuliko ugonjwa wowote.

Wisconsin yenyewe imebadilika. Mwaka 1950 ilikuwa na mashamba ya ng'ombe wa maziwa zaidi ya 140,000. Mwaka 2023 idadi ilishuka chini ya 6,000. Ng'ombe hawakupungua kwa kiasi hicho. Wamekusanywa kwenye mabanda makubwa ya maelfu, na wazee wa ng'ombe thelathini wameuza. Lami waliyoipigania ndiyo iliyobaki, na leo waendesha baiskeli husafiri kutoka mbali kuitafuta. Watu wachache kati yao wanajua nani wa kumshukuru.

Kwetu Rungwe maziwa bado yanashuka mlimani kwa baiskeli na pikipiki, madumu yamefungwa kwenye keria, kijana akipishana na lori kwenye barabara isiyo na mahali pa kuponea. Tangu mwaka 2017 tunao Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, na nimeziona kazi zao. Lami inafika mahali ambapo baba yangu asingeamini. Ninachowaomba wahandisi wetu, na madiwani wanaopitisha bajeti, ni kitu kimoja: mnapochora barabara ya kijiji, ongezeni mita moja ya bega kila upande. Anayeleta maziwa mezani kwenu yuko juu ya baiskeli.